Timu yenye uwiano katika Pokémon: kwa nini viumbe sita wenye nguvu hupigwa

Tangu Februari 2025, Pokémon Champions ilipotangazwa kuwa mchezo wa mapambano matupu utakaochezwa kwenye Nintendo Switch na kwenye simu, swali moja limekuwa likizunguka kwa vijana wanaocheza hapa Kampala: timu yenye uwiano ni timu gani hasa? Ukipita jioni kwenye hosteli za Kikoni, ambako wanafunzi wa Makerere kutoka Kenya, Tanzania na Kongo hukaa pamoja na wenzao wa Uganda na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, utasikia majibu ya kila namna. Mmoja atakuambia uwiano ni kuwa na kiumbe wa moto, wa maji na wa majani. Mwingine atasema ni kujaza walinzi. Wa tatu atashikilia kwamba yote ni bahati, chukua wenye nguvu uende.

Nataka tulifungue fundo hili taratibu. Mchezo huu una hesabu nzuri sana ndani yake, na inaniuma kuona mtu mwenye akili zake akiuacha baada ya kupigwa mara kadhaa bila kujua kilichompiga.

Kwanza tuelewane maneno. Pokémon ulianza Japani mwaka 1996, na kiini chake hakijabadilika: unakusanya viumbe, unachagua sita, unapambana na mtu mwenye sita wake. Katika mapambano ya mmoja kwa mmoja, kila upande una kiumbe mmoja uwanjani, na watano wanasubiri. Kila zamu, wachezaji wote wawili huamua kwa siri na kwa wakati mmoja: ama kiumbe wako atoe pigo mojawapo kati ya manne aliyobeba, ama umtoe umwingize mwingine. Kumtoa kuna gharama yake, maana anayeingia ndiye atakayepokea pigo ambalo mpinzani alikwisha kulichagua. Hilo la kutoa na kuingiza ulishike vizuri, kwa sababu uwiano wote umejengwa juu yake.

Kila kiumbe ana aina moja au mbili kati ya aina 18. Maji huumiza Moto mara mbili ya kawaida, Moto huumiza Majani mara mbili, na kadhalika. Kiumbe akiwa na aina mbili, hesabu huzidishwa. Gyarados ni Maji na Kuruka. Zote mbili huogopa Umeme, basi pigo la Umeme humwingia mara nne. Kuna pia kinga kamili: Umeme haumfanyi lolote kiumbe wa Ardhi, Ardhi haimfikii anayeruka, Sumu haiingii kwenye Chuma, na Joka halimgusi kiumbe wa Fairy, aina iliyoongezwa mwaka 2013.

Mwisho, kila kiumbe ana takwimu sita za msingi: uhai, nguvu ya mapigo ya mwili, ulinzi dhidi ya mapigo hayo, nguvu ya mapigo maalumu, ulinzi dhidi ya hayo maalumu, na kasi. Mwenye kasi kubwa hutangulia kupiga. Msingi ni huo.

Sasa tuangalie timu halisi. Kijana mmoja wa Kikoni alinionyesha yake kwenye simu, anayoichezea katika Pokémon Showdown, uwanja wa bure unaofunguka kwenye kivinjari chochote na ambao umekuwepo tangu 2011. (Kwa wengi wetu hapa, huko ndiko mchezo ulipo. Mashine ya Nintendo ni ghali, na Showdown haili bando kama video.) Alikuwa na Dragonite, Salamence, Garchomp, Hydreigon, Haxorus na Dragapult. Majoka sita. Ukijumlisha takwimu za msingi za kila mmoja, watano kati yao wanafika 600, kiwango ambacho viumbe wengi wa kawaida hawakikaribii. Kwa macho tu, timu hiyo inatisha.

Tukafungua marudio ya pambano alilopoteza. Aliyemmaliza ni Weavile, wa Giza na Barafu, ambaye jumla yake ni 510. Majoka yote sita huogopa Barafu, na matatu ya kwanza huumia mara nne. Dragapult ana kasi ya 142 na Weavile ana 125, lakini Weavile yule alikuwa amebeba Ice Shard, pigo dogo linalotangulia hata mbele ya mwenye kasi. Nilichomwomba kijana akitazame zaidi ni pale alipojaribu kujiokoa: kila alipomtoa joka aliye hatarini, aliyeingia alikuwa joka mwingine anayeogopa kitu kilekile. Hakuwa na pa kukimbilia. Kwa kweli alikuwa na kiumbe mmoja mara sita.

Timu yenye uwiano, basi, ni ile ambayo kiumbe wako yeyote akikutana na adui anayemweza, kuna mwenzake anayeweza kuingia, akapokea pigo lile bila kuumia sana, kisha akawa yeye ndiye tishio. Usihesabu nguvu, hesabu njia za kutokea.

Tujenge moja kuanzia mwanzo. Nachagua Gyarados awe wa kwanza, kwa sababu nataka yeye ndiye amalize pambano. Anajua Dragon Dance, pigo lisilomuumiza mtu bali humwongezea yeye mwenyewe nusu ya nguvu ya mwili na nusu ya kasi. Anaogopa vitu viwili tu: Umeme, mara nne, na Jiwe, mara mbili. Nani atasimama badala yake vitu hivyo vikija? Garchomp, wa Joka na Ardhi. Umeme haumgusi kabisa, na Jiwe humpata nusu. Garchomp naye ana matatu yanayomtesa: Barafu mara nne, Joka na Fairy mara mbili. Hapo namleta Heatran, wa Moto na Chuma. Barafu na Fairy humpata robo tu, na Joka nusu. Heatran naye huogopa nini? Ardhi mara nne, Maji na Mapigano mara mbili. Rudi sasa kwa Gyarados: Ardhi haimfiki kwa kuwa anaruka, Maji humpata nusu, Mapigano nusu.

Ufuate tena mduara huo polepole, kwa kalamu ukipenda. Viumbe watatu, hofu nane, na kila hofu ina mtu wa kuipokea. Sijui wachezaji wangapi wamepitia miaka bila kuonyeshwa kitu hiki, na kwangu hapa ndipo mchezo unapopendeza kuliko popote.

Mduara huo unajibu pia imani ya moto, maji na majani. Si mbaya kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza, lakini huvunjika mara aina ya pili inapoingia. Chukua Charizard na Gyarados. Mmoja ni wa Moto, mwingine wa Maji, mtu ataona ametofautisha. Lakini wote wawili wanaruka, kwa hiyo wote wanaogopa Umeme na wote wanaogopa Jiwe. Charizard huumia mara nne kwa Jiwe. Aina ya kwanza imekudanganya, ya pili ikakuuza.

Na Jiwe si hofu ya kupuuzwa, kwa sababu ya kitu kinachoitwa Stealth Rock, kilichoingia mwaka 2006 na kubadilisha ujenzi wa timu kabisa. Ni pigo linalotandaza mawe upande wa mpinzani. Mawe hayo hukaa hapo, na kila kiumbe anayeingia uwanjani huumia kulingana na anavyolihofia Jiwe. Wa kawaida hupoteza asilimia 12.5 ya uhai wake. Gyarados hupoteza 25. Charizard hupoteza 50, yaani akiingia mara mbili amekwisha, hata kama hakuna aliyempiga. Kumbuka tulichosema: uwiano unaishi kwa kutoa na kuingiza. Mawe hutoza ushuru kwenye jambo hilohilo.

Kwa hiyo wa nne katika timu yetu ni Corviknight, wa Kuruka na Chuma, mwenye ulinzi mzuri na pigo la Defog linalopeperusha mawe. Hapa nakiri kwamba kuna bei: Corviknight naye anaogopa Umeme, kwa hiyo sasa nina wawili wanaomtegemea Garchomp. Akifa Garchomp mapema, nitalia. Njia nyingine ni kumvisha Gyarados viatu vya Heavy-Duty Boots, kifaa kinachomfanya apite juu ya mawe bila kuumia, na nafasi ya nne nimpe mwingine. Lakini kila kiumbe hushika kifaa kimoja tu; akivaa viatu hana nafasi ya Leftovers, inayomrudishia sehemu moja ya 16 ya uhai wake kila zamu. Mimi nampenda Corviknight. Wapo wachezaji wazuri wanaochagua viatu, na wana hoja.

Tumezungumza kupokea mapigo. Kushinda je? Hapa ndipo wanaodhani uwiano ni ulinzi hukwama. Zipo timu za walinzi watupu na hushinda kwa kumchosha mtu, lakini huo ni mtindo mwingine wenye jina lake. Timu ya uwiano inajua tangu mwanzo nani atamaliza kazi, na wengine wote wanamfungulia njia. Fikiria kontena linalotoka bandari ya Mombasa kuja Kampala. Dereva akiwa hodari kiasi gani, atalala Malaba kama wakala wa forodha hajakamilisha hati. Na hati zikiwa sawa lakini hakuna turniboi wa kuangalia mzigo na matairi, gari linaweza kukwama njiani. Hakuna anayeuliza ni nani kati yao mwenye nguvu zaidi. Swali ni kama kila kinachoweza kulisimamisha kontena kina mtu wake. Katika timu yetu, Gyarados ndiye wa kufika Kampala. Garchomp anatandaza mawe upande wa adui na kumwondoa wa Umeme. Corviknight anasafisha njia yetu. Heatran anawatisha viumbe wa Chuma na Majani.

Lakini bado kuna anayeweza kutusimamisha, na mtu asipochunguza hatamwona. Gyarados na Garchomp wote hupiga mapigo ya mwili. Mpinzani akimwingiza Dondozo, kiumbe wa Maji mwenye uhai wa 150 na ulinzi wa 115, wote wawili wanagonga ukuta. Vibaya zaidi, kipaji chake kiitwacho Unaware humfanya asihesabu nyongeza ya Dragon Dance. Gyarados atacheza ngoma yake bure. Heatran hupiga mapigo maalumu, lakini ni wa Moto, na Dondozo ni Maji. Ndiyo maana wa tano ninamtaka mwenye mapigo maalumu makali: Gengar, wa Mzimu na Sumu, mwenye nguvu maalumu ya 130. Ulinzi maalumu wa Dondozo ni 65 tu, na huo ndio mlango wake. Gengar pia hutupatia kasi ya 110, ambayo wengine wetu hawana.

Sasa chora jedwali. Andika aina 18 pembeni, majina yako matano juu, kisha weka alama kwa kila anayepokea aina hiyo nusu au pungufu. Ukifika kwenye Giza utaona mstari mtupu. Hakuna hata mmoja anayelipunguza, na Gengar analiogopa. Kingambit, wa Giza na Chuma, ataitembelea timu hii kama nyumba isiyo na mlango. Nafasi ya sita imeshajichagua yenyewe: Clefable, wa Fairy, ambaye Giza humpata nusu, Joka halimgusi, na kwa kipaji cha Magic Guard mawe hayamuumizi. Si suluhisho kamili, maana Kingambit kwa kawaida hubeba pia pigo la Chuma, na Chuma humwumiza Clefable mara mbili. Lakini Chuma humpata Heatran robo. Kwa hiyo mpinzani inabidi akisie: utamleta nani? Hapo hesabu inaisha na kusomana kunaanza. Timu haitashinda kwa niaba yako, ila imekupa jambo la kuchagua, wakati kijana wa majoka hakuwa nalo.

Kasi inahitaji maneno yake. Wengi hutazama takwimu ya msingi na kukata tamaa: Gyarados ana 81, Dragapult 142, basi. Takwimu ya msingi si ya mwisho. Kila kiumbe hupewa pointi 510 za mazoezi za kugawa, zisizozidi 252 kwenye takwimu moja, na ana tabia inayoweza kuongeza takwimu moja kwa asilimia 10 huku ikipunguza nyingine kwa kiasi hichohicho. Gyarados wa kiwango cha 100 aliyefunzwa kasi kikamilifu, mwenye tabia ya kasi, hufika 287. Akicheza Dragon Dance mara moja, anakuwa na 430. Dragapult aliyefunzwa vilevile hufika 421. Tofauti ya tisa inatosha. Mtu aliyezigawa pointi sawasawa kwa takwimu zote sita, akidhani huo ndio uwiano, hatafika hapo kamwe. Uwiano ni wa timu nzima. Kiumbe mmojammoja anafaa awe na kazi yake na aifanye kwa ukali.

Na bahati? Ipo, tusidanganyane. Kila pigo huumiza kati ya asilimia 85 na 100 ya nguvu yake, na katika michezo ya sasa kuna nafasi moja kati ya 24 ya pigo la kawaida kuwa la hatari, lenye nguvu mara moja na nusu. Lakini tazama bahati inaingia kupitia wapi. Hydro Pump, pigo la Maji, ina nguvu 110 na hufika mara 80 katika 100. Surf, la Maji pia, ina nguvu 90 na haikosi kwa kawaida. Mtu akilazimika kupiga Hydro Pump mara mbili mfululizo ndipo aokoke, nafasi yake ni asilimia 64. Akishindwa atasema bahati. Mimi nitamuuliza kwa nini alifika mahali ambapo hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa mara nyingi jibu liko kwenye jedwali ambalo hakulichora.

Kunakili timu ya bingwa si dhambi, na ni njia nzuri ya kujifunza ukijiuliza kila mmoja yuko pale kwa ajili ya nani. Aliyelionyesha hili vizuri kuliko wote ni Se Jun Park wa Korea Kusini, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2014 huko Washington akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa Umeme ambaye jumla yake ni 405 tu. Watu waliomcheka Pachirisu walikuwa wakitazama takwimu. Kazi yake ilikuwa Follow Me, pigo linalowavuta adui wampige yeye, ili wenzake wapumue na wafanye yao. Waliomnakili Pachirisu peke yake bila wale watano waliobaki walibaki na kindi.

Ubingwa huo, ieleweke, huchezwa wawili kwa wawili: unaleta sita, unachagua wanne kwa kila pambano, wote kiwango cha 50. Kanuni ya njia za kutokea inabaki ileile, lakini sasa unatazama pia nani anasimama ubavuni mwa nani. Earthquake ya Garchomp, pigo kubwa la Ardhi, huko humgonga kila aliye uwanjani, mwenzake akiwemo. Ukimsimamisha na Heatran umemchoma mwenzako mara nne kwa mkono wako. Ukimsimamisha na Gyarados, Ardhi inapita chini yake bila kumgusa, na Gyarados alipoingia, kipaji chake cha Intimidate kilikuwa kimeshawapunguzia adui wote wawili theluthi ya nguvu zao za mwili. Ukitaka kuihamishia timu hii huko, anza na hao wawili mbele.